MIGUU INAPOPOTEZA NGUVU POLEPOLE: UVIMBE WA MISHIPA YA DAMU NDANI YA MGONGO



Mimi ni mhudumu wa afya wa kujitolea wa hapa Mangateen. Katika kurasa hizi umezoea kusoma habari za kipindupindu, malaria, surua na chanjo za watoto. Leo nakuletea ugonjwa ambao pengine hutauona hata mara moja maishani mwako. Utaniuliza, sasa kwa nini unatuchosha nao? Nauandika kwa sababu mzee mmoja wa bloku ya jirani aliupata, nami nikamtembelea mara tatu bila kuutambua. Mzee amekubali nieleze habari zake. Jina lake tu ndilo nimeliacha.

Yaliyompata mzee

Alihamia hapa mwaka 2018 pamoja na wengine waliotoka kambi ya UN House. Kazi yake ilikuwa kubeba magunia ya mkaa sokoni. Wakati wa mvua za mwaka 2022 alianza kusikia maumivu kati ya mabega. Yalimzidi usiku akiwa amelala, na akiinuka kuketi yalipungua. Nilipomtembelea niliandika daftarini "maumivu ya mgongo" na kumshauri apunguze mizigo. Kwa mbeba magunia, nani asingeandika hivyo?

Mara ya pili alinionyesha kandambili zake. Akaniambia, "Binti yangu, moja inanitoka njiani, nami naendelea kutembea mpaka watu waniite." Mguu wake wa kushoto ulikuwa na ganzi. Nikafikiri ni upungufu wa damu, nikamwambia ale mboga za majani.

Mara ya tatu nilimkuta na jeraha kwenye paji la uso. Alfajiri alikuwa amesimama akinawa uso, akafumba macho kwa sababu ya sabuni, akaangukia jerikeni. Mchana aliweza kutembea, polepole lakini bila kushikwa. Gizani hakuweza kwenda chooni bila mke wake kumshika mkono. Vijana wa bloku wakasema mzee ameanza kunywa siko. Mama alijua kuwa mumewe hanywi, lakini nani angemsikiliza? Mimi nikaandika "ajali ya nyumbani".

Hapo ndipo nilipokosea zaidi. Kumbe kule kuanguka akifumba macho ilikuwa ishara kubwa kuliko zote. Upande wa nyuma wa ugwe wa mgongo kuna nyuzi za fahamu zinazoupelekea ubongo habari za mahali miguu ilipo. Nyuzi hizo zikibanwa, mtu hutumia macho yake badala yake: anaitazama ardhi, anaitazama miguu, anaendelea. Taa ikizimika au macho yakifumbwa, habari hazifiki tena, naye anaanguka.

Baadaye miguu ikakakamaa, kisha mkojo ukaanza kumpa shida. Zahanati moja ya binafsi mjini ilimchoma sindano za homa ya matumbo kwa siku tano. Mganga mmoja akamchanja chale mgongoni. Ndugu zake wakaanza kumtaja jirani mmoja kwamba ndiye mwenye jicho baya, na nyumba mbili zilizokuwa zikichota maji pamoja zikaacha kusalimiana. Ilipita miezi 14 kabla hajakutana na tabibu aliyemgonga magoti kwa nyundo ya mpira. Miguu ikaruka kupita kiasi. Tabibu akamkwaruza unyayo, na kidole gumba kikainuka juu badala ya kukunjika chini. Kwa mtu mzima, ishara hiyo inaonyesha kwamba tatizo liko kwenye ubongo au kwenye ugwe wa mgongo. Haitokani na misuli, wala na typhoid.

Ni uvimbe gani huu?

Pitisha mkono katikati ya mgongo wako. Ile mifupa unayoigusa imepangwa moja juu ya nyingine, na ndani yake kuna mfereji. Ndani ya mfereji huo umo ugwe wa mgongo, mnene kiasi cha kidole chako cha mwisho, ambao hupeleka amri za ubongo kwenye mikono, miguu, kibofu na haja kubwa. Mfereji ni wa mfupa, hivyo hautanuki. Kitu chochote kikiota humo ndani, hata kiwe kidogo kama punje ya haragwe, kinachobanwa ni ugwe.

Vitu vinavyoweza kuota humo ni vingi. Wa mzee wetu unaitwa hemanjioblastoma. Jina ni refu, lakini maana yake ni uvimbe uliofumwa kwa mishipa midogo midogo ya damu. Waliouita hivyo ni madaktari wa Marekani, Harvey Cushing na Percival Bailey, mwaka 1928. Ni uvimbe adimu. Vitabu vya upasuaji huuhesabu kuwa kiasi cha 2 hadi 6 katika kila vivimbe 100 vya ugwe wa mgongo. Nao si saratani ya kutapakaa mwilini. Unakua polepole, na mara nyingi unatengeneza pango la maji ndani ya ugwe, refu kuliko uvimbe wenyewe. Pango hilo linaweza kuleta madhara mengi kuliko uvimbe.

Una ndugu zake. Kavernoma ni kichala cha vijishimo vya damu, mfano wa zambarau zilizoshikana. Huvuja damu kidogo kidogo, na kwa hiyo mgonjwa anaweza kulemaa ghafla, akapata nafuu, kisha akazidiwa tena. Kuna pia hali ambayo si uvimbe kabisa: mshipa unaoleta damu umeungana vibaya na mshipa unaoiondoa, kwenye utando unaofunika ugwe. Hii huwapata zaidi wanaume waliopita miaka 50. Akitembea kidogo miguu inalegea, akipumzika inarudi, na watu wanamwambia ni uzee. Wengi huambiwa hivyo kwa miezi mingi, wakati ugonjwa wao unatibika kwa kuziba mshipa ule mmoja.

Nikuondolee pia hofu moja. Kuna uvimbe wa mishipa ya damu unaokaa ndani ya mfupa wenyewe wa mgongo, nao huonekana kwa mtu 1 katika kila watu wazima 10 hivi. Karibu wote hawadhuriki na wala hawajui kuwa wanao. Ukipigwa picha kwa sababu nyingine na karatasi ikasema "hemanjioma ya mfupa", usiuze ng'ombe. Muulize daktari kama inabana ugwe au haibani. Wachache ambao huwaletea shida ni pamoja na akina mama wajawazito katika miezi ya mwisho. Mama mjamzito ambaye miguu yake inapoteza nguvu aonekane na daktari siku hiyo hiyo.

Picha gani inaonyesha?

Eksirei ya kawaida inaonyesha mifupa. Ugwe haionyeshi. Ndiyo maana mtu anaweza kurudi nyumbani na eksirei iliyo safi huku uvimbe umo ndani. Picha inayoonyesha ugwe ni ya mashine ya MRI, ambayo hutumia sumaku kubwa, si miale. Mgonjwa hulazwa ndani ya bomba, huvumilia kelele kama za nyundo, na katikati ya kazi huchomwa dawa kwenye mshipa wa mkono. Dawa hiyo huingia kwenye uvimbe wenye damu nyingi na kuufanya ung'ae katika picha.

Hapa nisikilize vizuri, maana hili linatuhusu sisi kuliko watu wa nchi nyingine. Wengi wetu tuna vipande vya risasi au vya bomu mwilini, vingine vya mwaka 2013, vingine vya 2016, vingine vya vita vya zamani. Sumaku ya MRI inaweza kuvuta chuma. Kipande cha chuma kilicho karibu na jicho, ubongo au mshipa mkubwa kinaweza kusogea na kudhuru. Mwambie mpiga picha kabla ya kuingia, hata kama ni jeraha ambalo hupendi kulizungumza. Haulizi ulikuwa upande gani. Kwanza atakupiga eksirei aone kipande kiko wapi, na mara nyingi picha inawezekana. Shanga, bangili, hereni na sarafu vyote viachwe nje.

Mzee wetu alipigiwa picha Kampala. Mpwa wake anafanya kazi huko, na ukoo ulichanga. Alipanda basi kwa barabara ya Nimule, ile iliyowekwa lami mwaka 2012, amelazwa kwenye viti vya nyuma. Anasema kila tuta aliliona kama kisu.

Upasuaji unavyofanyika

Nilimwomba daktari mmoja anieleze, nami nakueleza nilivyoelewa. Mgonjwa hupewa dawa ya usingizi mzito na kulazwa kifudifudi. Daktari hufungua ngozi, husogeza misuli, na kuondoa kipande cha nyuma cha mifupa miwili au mitatu. Kisha hufungua utando mgumu unaofunika ugwe. Kuanzia hapo anatazama kwa hadubini, kwa sababu vitu ni vidogo mno. Uvimbe huonekana upande wa nyuma wa ugwe, mwekundu wenye rangi ya chungwa, na juu yake mishipa minene imejikunja kama nyungunyungu.

Uvimbe wa aina nyingine daktari anaweza kuukata vipande vipande na kuutoa. Huu haukatwi. Ukiupasua katikati, damu hufurika na daktari haoni tena anachofanya, karibu kabisa na ugwe wa mgonjwa. Kwa hiyo hupita pembeni yake, milimita kwa milimita, akiunguza kwa koleo ndogo ya umeme mishipa inayoingiza damu. Mshipa mkubwa unaoiondoa damu huachwa wa mwisho. Fikiria tenki letu la maji: ukifunga bomba la kutolea wakati pampu bado inajaza, tenki litapasuka. Anafunga kwanza kinachoingiza. Mwisho uvimbe hutoka mzima, na lile pango la maji huanza kunywea lenyewe kwa wiki au miezi inayofuata. Ukitoka wote, kwa kawaida pale pale hauoti tena.

Wakati mwingine, kabla ya upasuaji, madaktari hupitisha mrija mwembamba kutoka kwenye kinena hadi kwenye mishipa ya uvimbe na kuiziba. Si kila uvimbe unahitaji hivyo, na si kila hospitali inaweza.

Je, mtu hupona? Swali hili kila mtu huliuliza, na jibu lake ndilo limenifanya niandike. Kinachoamua zaidi ni jinsi mgonjwa alivyokuwa siku aliyoingia chumba cha upasuaji. Aliyeingia akitembea, kwa kawaida hutoka na kuendelea kutembea, ingawa wiki za kwanza anaweza kuwa mdhaifu kuliko mwanzo. Aliyeingia akiwa amebebwa kwa miezi mingi, mara nyingi upasuaji unazuia asizidi kuharibika tu. Nyuzi zilizokufa hazifufuki.

Mzee wetu aliingia akiwa katikati. Alitembea kwa kushikwa pande mbili. Leo anatembea kwa fimbo kutoka kwake hadi kituo cha maji na kurudi. Magunia habebi tena. Mkojo bado unamsumbua. Nilipomuuliza kama nilimkosea, alinyamaza, kisha akasema, "Wewe ulikuja mara tatu, binti yangu. Wengine hawakuja." Sikujua la kujibu, na mpaka leo sijui.

Kazi hii ilianza zamani

Usidhani upasuaji wa namna hii ni jambo la juzi. Tarehe 9 Juni 1887, mjini London, daktari Victor Horsley alimpasua kapteni mmoja wa jeshi ambaye miguu yake ilikuwa imepooza baada ya miaka ya maumivu. Daktari mwenzake, William Gowers, alikuwa ameusema ugonjwa huo bila picha yoyote, kwa kumpima mgonjwa mwili tu. Horsley alifungua mgongo na hakuona kitu. Msaidizi wake akamsihi aondoe mfupa mmoja zaidi, juu kidogo. Uvimbe ulikuwa hapo, mdogo kama lozi. Haukuwa wa mishipa ya damu, na bahati ilikuwa hiyo, kwa maana vifaa vya kuzuia damu vya siku zile vilikuwa duni. Kapteni alitembea tena.

Kwa upande wetu wa Afrika, mwishoni mwa miaka ya 1960 daktari Ian Bailey alianzisha upasuaji wa ubongo na mishipa ya fahamu katika hospitali ya Mulago, Kampala. Jovan Kiryabwire, Mganda wa kwanza katika kazi hiyo, akajiunga naye mwanzoni mwa miaka ya 1970. Leo kazi hii inafanyika pia Nairobi katika hospitali ya Kenyatta, na Dar es Salaam katika taasisi ya mifupa ya Muhimbili. Hata hivyo madaktari wake ni wachache ukilinganisha na watu, na foleni ni ndefu. Aliyechelewa nyumbani anakuja kuchelewa tena kwenye foleni.

Mara nyingi ni kitu kingine

Kama miguu yako inapoteza nguvu, usiseme moja kwa moja kwamba una uvimbe niliouandika. Hapa kwetu kifua kikuu cha mifupa ya mgongo kinaonekana zaidi kuliko huo. Hicho huja na homa za jioni, kukonda, na pengine kinundu mgongoni, na dawa zake hutolewa bure. Kichocho cha wavuvi na wachota maji ya mto nacho kinaweza kuingia kwenye ugwe, nacho kina dawa. Kwa watoto kuna uvimbe wa Burkitt. Denis Burkitt, daktari wa Mulago, aliuandikia mwaka 1958 baada ya kuuona kwenye taya za watoto. Uvimbe huo unaweza kubana mgongo wa mtoto na kumpooza kwa siku chache, na dawa zake huuyeyusha haraka zikianza mapema. Mtoto wa chini ya miaka 15 ambaye kiungo chake kinalegea ghafla aletwe mara moja, kwa maana ni lazima tuchunguze polio. Usisubiri Jumatatu.

Unaona basi, magonjwa ni tofauti na tiba ni tofauti, lakini mlango wa kuingilia ni mmoja. Wewe huna haja ya kujua jina. Njoo kituoni ukiona haya: maumivu ya mgongo yanayokuamsha usiku, ganzi inayopanda kutoka miguuni, kandambili inayotoka bila wewe kujua, hisia kama umefungwa mkanda kifuani au tumboni, miguu inayokakamaa, kuanguka gizani. Mkojo ukigoma au ukitoka wenyewe pamoja na udhaifu wa miguu, hiyo ni dharura. Wanaume, na tatizo la chumbani mlitaje. Najua ni vigumu kumwambia binti wa umri wangu. Mwombe tabibu mwanamume.

Kama ugonjwa uko katika ukoo

Baadhi ya wenye hemanjioblastoma wameirithi. Ugonjwa huo wa kurithi unaitwa von Hippel-Lindau, kwa majina ya daktari wa macho wa Ujerumani na daktari wa Sweden walioueleza. Kila mtoto wa mwenye ugonjwa ana nafasi nusu kwa nusu ya kuurithi. Unaweza kuota ndani ya jicho, kwenye ubongo, mgongo, figo, na tezi zilizo juu ya figo ambazo hupandisha presha. Kwa hiyo kama kwenu yuko aliyepofuka akiwa kijana, mwingine akapasuliwa kichwa, mwingine akafa kwa figo, mweleze daktari mambo hayo yote pamoja. Watu hufikiri ni laana ya ukoo. Wataalamu waliitambua jeni yake mwaka 1993, na wenye ugonjwa hupimwa mara kwa mara ili kila uvimbe uonekane ukiwa mdogo. Tangu mwaka 2021 kuna hata kidonge kwa ajili yao huko Marekani, belzutifan, ingawa bei yake sisi hatuiwezi.

Ukimtunza mgonjwa nyumbani

Mgonjwa asiyeweza kujigeuza ageuzwe kila baada ya saa mbili, usiku pia, na ngozi ya makalio na visigino itazamwe kila siku. Kidonda cha kulalia kimeua watu waliookoka upasuaji. Miguu yenye ganzi isiwekwe karibu na jiko la mkaa, wala isikandwe kwa maji ya moto, kwa sababu ataungua bila kusikia. Mgongo usikanyagwe wala kuvutwa na wakandaji. Na chale mgongoni, tafadhali, acheni. Mzee alipofika hospitali walisubiri vidonda vyake vikauke ndipo wakampasua.

Mimi siwezi kukuahidi gari, pesa wala nafasi ya hospitali. Ninaloweza ni kukuandikia karatasi ya kukupeleka kwa tabibu, na kumfuata mpaka akupime magoti na nyayo. Siku hizi nimeongeza kipimo changu kidogo ninapopita nyumba kwa nyumba. Nikikuomba usimame, uunganishe miguu na kufumba macho huku mtu wako amekaa tayari nyuma yako, usinicheke. Na ukiyumba, nitakaa nikuulize maswali mengi, hivyo niwekee kiti.